Jozi Kumi na Sita Mlangoni

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nalisema hili mapema msije mkadhani anayesimulia hapa ni mshamba aliyeshuka jana. Nimezaliwa Kasulu, shule nimeishia darasa la nne, na kwa mikono hii nimepanda kutoka kufagia mabasi Märsta, hapa Uswidi, mpaka kuwa na kampuni yangu ya kupeleka watu Japani, mara nane kwenda na kurudi. Wenye digrii waliniandikia barua za kuomba kazi, na wengine niliwanyima. Vijana wa chama chetu wanaotaka kuingia kazi hii ya kuongoza safari wameniomba niwaandikie ilivyokuwa. Nitaandika, lakini msitegemee kucheka sana.

Siku ya kwanza nilifika gereji asubuhi, baridi inang'ata masikio, nimevaa makoti mawili ya kuazima. Msimamizi wa zamu alikuwa mzee mwenye mgongo uliopinda, hana salamu. Akanipa ndoo, mfuko wa taka na tochi. "Basi halijawa safi," akasema, "mpaka umechungulia kila kiti, juu na chini." Nilidhani anasema habari ya maganda ya pipi. Katika basi la tatu, kiti cha nyuma kabisa, nilimulika nikamkuta bibi wa Kiswidi amejikunja chini ya koti lake. Alipitiwa na usingizi, dereva akafunga mlango akaenda zake nyumbani. Midomo yake ilikwisha kubadilika rangi. Nikambeba mgongoni mpaka ofisini, wakampa chai, akapona. Msimamizi wa zamu hakunipongeza. Alimpigia dereva simu akamwambia, "Hukuhesabu," akakata. Dereva yule sikumwona tena pale.

Nilifagia miaka mitatu. Kisha nikasomea leseni ya basi kubwa. Mtihani wa maandishi ulikuwa kwa Kiswidi, nikaanguka mara tano, wenzangu wakanicheka kwenye treni wakiniita Profesa. Mara ya sita nikapita, na nikawa dereva wa watalii, uwanja wa ndege wa Arlanda hadi mjini na mjini hadi bandarini. Nakwambia hakuna kona ya Stockholm ambayo sijaingiza basi la mita kumi na tatu kinyumenyume.

Ujuzi wenyewe nimeupata Upplands Väsby, kwenye kampuni moja ya safari za makundi ambayo haipo tena. Mkubwa wetu tulimwita Mkuu wa Safari, mwanamke mkavu mwenye nywele fupi za mvi, aliyeniona nikiwatuliza abiria waliochelewa ndege akasema huyu asiendeshe tu, huyu aongoze. Yeye ndiye aliyenifundisha karatasi za kazi. Orodha ya abiria, yenye jina na dawa anayotumia kila mtu. Orodha ya vyumba, nani analala na nani. Na daftari la safari, ambamo kiongozi huandika saa, mahali na idadi ya watu, mara tatu kwa siku: kabla mlango wa basi haujafungwa, mkishafika, na saa kumi jioni, popote mlipo. Hiyo tuliiita hesabu ya vichwa.

Wiki ya kwanza alinisimamisha mbele ya basi limejaa.

"Longino, umehesabu nini?"

"Watu, mkubwa. Arobaini na mmoja."

"Nimekutazama. Umehesabu makoti. Koti juu ya kiti si mtu."

"Mwenye koti ameenda msalani tu."

"Basi wapo arobaini. Mtu umtazame machoni, na yeye akutazame, ndipo uandike. Ulichoandika kwenye daftari ndicho polisi watakachosoma siku mambo yakiharibika."

Nilimwitikia, ila moyoni nilikuwa na la kwangu. Kwetu bibi yangu hakuruhusu watu wahesabiwe. Ukimwuliza ana wajukuu wangapi, anajibu, "Wapo." Mbuzi unahesabu, magunia unahesabu, watu hapana, ukiwahesabu unawaonyesha kwa mauti. Nilikuwa nahesabu Waswidi bila shida, wao wamezoea kuhesabiwa tangu chekechea. Shida ilianza nilipoanza kuwahesabu watu wangu.

Hiyo kampuni ilipofungwa nilinunua basi dogo la viti ishirini kwa akiba yangu nikafungua ya kwangu. Nilikuwa na wazo ambalo hakuna msomi wa Stockholm alilifikiria: watu wetu nao wanastaafu, watu wetu nao wana likizo, kwa nini kila mwaka waende nyumbani tu na masanduku ya zawadi, warudi wamechoka na wamekopwa? Nikasimama kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada nikatangaza safari ya Japani, siku kumi na mbili, na mwongozaji wa kule anayetueleza ya zamani na ya kisasa.

Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, mama mwenye sauti ya tarumbeta, akanyoosha mkono.

"Japani? Mais, kaka Longino, nani ana ndugu kule? Tutafikia kwa nani?"

"Hatufikii kwa mtu, Mama Furaha. Tunafikia hotelini."

"Nilipe pesa yote ile nikalale kwa mtu asiyenijua hata jina?"

Ukumbi mzima ulicheka. Mwaka uliofuata yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Niwaambie kidogo tulichokuwa tunakwenda kuona, maana hiyo ndiyo kazi. Tokyo nawapeleka kwenye njia panda ile wanayovuka watu elfu kwa mara moja na hakuna bega linalogusa bega. Nawapeleka mgahawa ambao mashine yenye uso wa paka inakuletea supu. Mama Furaha aliishukuru kwa Kifaransa na kuiombea baraka. Vyoo vyao vinafunua kifuniko vyenyewe ukiingia. Alitoka mle mbio: "Kile kiti kimeniamkia!" Kisha treni ya kasi mpaka Kyoto, na huko tunaingia ya zamani: chai ya kijani inayokorogwa kama uji, unapiga magoti, unazungusha bakuli kabla ya kunywa, husemi neno. Wazee wetu magoti yanalia, lakini walipenda. Waliona watu wanaoinamia wakubwa, wanaopokea kitu kwa mikono miwili, wanaovua viatu mlangoni. "Hawa walilelewa," ndivyo walivyokuwa wakisema.

Viatu ndivyo vilivyonipa ujanja wangu. Safari ya pili nilikuwa nahesabu kwa kidole kwenye ukumbi wa hoteli, na mzee mmoja kutoka Kigoma akanifokea mbele ya watu: "Sisi ni mbuzi wako?" Nikaona aibu. Tulipofika kwenye nyumba ya wageni ya kienyeji, wao huiita ryokan, nikaona rafu ya viatu pale mlangoni. Kila mgeni anavua, anaweka vyake, anapewa ndala za ndani. Hakuna anayetoka bila viatu vyake. Nikahesabu jozi. Kumi na mbili. Watu kumi na wawili wamo, na hakuna aliyenyooshewa kidole. Nikaandika kwenye daftari: saa kumi, watu kumi na wawili, wote wamo.

Nilijivunia sana jambo hili. Nililisimulia kila mahali. Mwongozaji wetu wa Kijapani, Bi Sato, mwanamke wa makamo mwenye daftari lake dogo, alikuwa na tabia ya kupita chumba hadi chumba akigonga. Nikamkataza. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Wazee wangu hawapendi. Hiyo kazi niachie mimi." Akainama, akaacha.

Mwaka wa mwisho wasafiri walikuwa kumi na sita. Miongoni mwao Baba Neema na Mama Neema wa Hagsätra. Baba Neema alikuwa fundi wa kuchomelea, mstaafu, mtu wa Sengerema, mpole, haongei mpaka aulizwe. Kila siku baada ya chakula cha mchana lazima atembee, mvua ama theluji. Daktari alimwambia akitembea sukari itashuka. Safari ilikuwa zawadi ya binti yao Neema, aliyezaliwa hapa hapa, anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiswidi. Pale Arlanda aliniambia, "Ta hand om pappa," yaani mtunze baba. Nikamgonga begani nikamwambia, "Binti yangu, sijawahi kupoteza hata mwavuli wa mtu."

Siku ya saba tulipanda milimani. Mwezi wa kumi na moja, theluji imeanza kushika kingo za barabara, nyumba ya wageni ya mbao iko juu ya kijito, na chemchemi ya maji moto, bwawa la wanaume upande huu na la wanawake upande ule. Mahali hapo palikuwa papya kwangu. Nyumba zote nilizozoea zilikuwa mjini. Tulifika saa saba na nusu mchana. Mwenye nyumba, bibi aliyevaa kimono, alitupokea mlangoni, na Bi Sato akaanza kututafsiria taratibu: viatu hapa, ndala za ndani hapa, ndala za chooni zisitoke chooni. Nilikuwa nageuza kwa Kiswahili kama maji. Halafu akaonyesha upande wa pili wa ukumbi, mlango wa kuelekea bustanini, akaanza kusema jambo, na mimi nikamkata.

"Hayo tunayajua, Bi Sato. Wazee wamechoka, waingie vyumbani."

Alichotaka kusema ni kwamba kwenye mlango ule wa bustani kuna mitalawanda, viatu vya mbao kama vile vya watu wa pwani, vya kila mgeni kuvaa akitaka kutembea nje. Kwamba njia ya kwenda kijitoni imefungwa kwa sababu ngazi zimeganda. Na kwamba kibao kilichowekwa pale kimeandikwa Kijapani peke yake.

Saa kumi jioni nilishuka ukumbini na daftari langu. Nje bado kulikuwa na mwanga. Nikapitisha macho kwenye rafu. Viatu vya Mama Furaha vyenye maua, raba za vijana, viatu vyeusi vya ngozi vya Baba Neema. Jozi kumi na sita, ukitoa yangu na ya Bi Sato. Nikaandika: saa kumi, watu kumi na sita, wote wamo. Nikaweka sahihi. Bi Sato alikuwa anapita na blanketi.

"Wote wameonekana?" akaniuliza.

"Wote wamo," nikamjibu, nikaenda kuoga.

Saa kumi na mbili tulikaa chakula cha jioni kwenye mikeka, kila mtu na sinia lake na jiko dogo la mshumaa linalochemsha chungu kidogo cha uyoga. Masinia kumi na sita ya wasafiri. Moja halina mtu, mshumaa unaungua mpaka ukazimika. Mama Neema aliingia akiwa bado na usingizi machoni, akatuangalia sisi wanaume.

"Baba Neema hakuwa nanyi bwawani?"

"Hatukumwona, mama. Si alikuwa chumbani kwenu?"

"Mimi nimelala tangu saa tisa. Nikajua yuko na ninyi."

Mama Furaha alikuwa anacheka jambo na jirani yake. Akaacha kucheka.

Bi Sato alisimama, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bustani. Nikamfuata. Akafungua kabati la mitalawanda na kuhesabu kwa kidole. Palikosekana jozi moja. Akanitazama, na mimi nikaangalia theluji.

Walikuja watu wa zima moto wa kijiji na polisi wawili. Walimkuta haraka, hakuwa mbali, chini ya zile ngazi, amevaa joho jepesi la pamba la nyumba ya wageni na mtalawanda mmoja mguuni. Nyonga imevunjika. Daktari alimpima pale pale, na Bi Sato akanitafsiria kila neno kwa sauti ya chini. Mfupa haukumuua. Baridi ndiyo iliyomuua. Alianguka mchana, pengine kabla ya saa tisa, na aliishi saa mbili tatu baada ya kuanguka. Sihitaji shule ya hesabu kujua maana yake. Saa kumi, nilipokuwa natazama viatu vyake, alikuwa hai, hatua mia moja hivi kutoka rafuni.

Asubuhi afisa wa polisi aliketi nami ukumbini na karatasi yake. Aliuliza lini marehemu alionekana mara ya mwisho.

Nikafungua daftari. "Saa kumi jioni alikuwamo ndani. Niliwahesabu mwenyewe."

Bi Sato aliinamia daftari kabla ya kutafsiri. "Uliwahesabu watu?" akaniuliza.

"Imeandikwa hapo."

Akatafsiri. Afisa akaandika. Daktari alikuwa amesema pengine kabla ya saa tisa, na daftari lilisema saa kumi, kwa hiyo wakaandika kwamba alianguka baada ya saa kumi. Karatasi ile ndiyo iliyokwenda kwa bima, na ndiyo iliyokwenda kwa familia.

Sikufikiri ingemwangukia mtu. Nilifikiria kampuni tu, jina langu, basi langu, mialiko ya kanisani. Lakini sikilizeni kilichotokea. Tulipomrudisha marehemu, msiba ukakaa Hagsätra, kwenye ghorofa yao, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi. Mama Neema amekaa chini kwenye godoro, na kila anayeingia anamwambia maneno yale yale.

"Aliniomba tukatembee wote, nikasema nimechoka. Saa kumi alikuwa amerudi chumbani. Kaka Longino alimwona. Atakuwa alisimama hapo mlangoni akaniangalia, nimelala. Labda aliniita. Akatoka tena peke yake. Mimi nimelala."

Hakuwa anaropoka. Aliyajenga kutoka kwenye ile karatasi yangu, tofali moja juu ya jingine. Na shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu anayekaa Upplands Väsby, mtu mwenye mdomo, naye aliyajenga ya kwake. Nilimsikia jikoni akiwaambia wanaume wenzake, "Mwanamke gani huyu? Mume anaingia, anatoka, anakufa, yeye anakoroma mchana kweupe." Siku ya mazishi Mama Neema hakuruhusiwa kutia udongo wa kwanza. Shemeji alichukua koleo mkononi mwake, mbele ya watu wote, naye akaliachia. Neema alipiga kelele kwa Kiswidi, wazee wakamwambia nyamaza, haya ni mambo ya ukoo. Mimi nilisimama mstari wa pili, nimevaa suti. Nilikuwa nimechanga pesa nyingi kuliko mtu yeyote, na walinitaja jina kwenye shukrani.

Wiki sita nilikaa na jambo hilo. Wanaonijua watawaambia nilipungua kilo. Kisha siku moja Mama Furaha alinikuta kituoni akaniambia ukoo umekaa kikao: wanataka Mama Neema asile urithi wa nyumba ya marehemu kule Sengerema, kwa sababu alimwacha mume afe. "Na yeye amekubali," akasema. "Anasema ni haki yao. Ah non, kaka, yule mama anajimaliza."

Siku hiyo hiyo nilipanda treni ya chini ya ardhi mpaka Hagsätra, mwisho wa njia. Neema alinifungulia. Mama yake alikuwa mezani, chai imepoa mbele yake.

"Karibu, kaka Longino. Kaa."

"Nitasimama, mama. Nilichokuja kusema hakisemwi nimekaa." Nikavua kofia. "Saa kumi sikumwona Baba Neema. Sikumwona yeye wala mtu yeyote. Nilihesabu viatu. Alikuwa ametoka na mitalawanda ya bustanini kabla ya saa tisa, na hakurudi. Hakuja chumbani. Hakukuita. Kama ningegonga mlango wako saa kumi tungemkuta hai."

"Säg det igen," akasema Neema. Sema tena.

Nikasema tena, yote, kwa Kiswidi, ili asikose neno. Alinisogelea nikajua atanipiga, na ningekaa nipigwe. Mama yake akanyoosha mkono akamzuia, bila kunitolea macho.

"Viatu vyake uliviona?" akaniuliza.

"Niliviona."

"Vilikuwa vinang'aa?"

Sikuelewa.

"Nilivipaka rangi asubuhi ile. Alisema huko watu wanaangalia viatu, tusiaibike. Nauliza kama vilikuwa vinang'aa."

"Vilikuwa vinang'aa, mama."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akaanza kulia, si kama alivyokuwa analia msibani. Neema akapiga magoti akamshika, naye akawa anarudia, "Hakuniita. Neema, hakuniita." Mimi nilibaki nimesimama pale, kofia mkononi, mtu aliyejitengeneza mwenyewe.

Alipomaliza alijifuta uso kwa kitenge. "Sasa utakwenda kuyasema hayo kwa shemeji yangu," akasema. "Mbele ya watu wale wale walioniona nikinyang'anywa koleo. Na utayaandika, kwa sahihi yako, kama ulivyoandika yale ya kwanza."

Nilikwenda. Jumapili, kwenye ukumbi, baada ya ibada, pale pale nilipotangazia Japani. Nilisema kwa maneno mafupi. Shemeji alisimama akaniita muuaji, na hakuna aliyemkalisha. Lakini ilibidi amgeukie mke wa kaka yake, na watu walikuwa wanamtazama yeye sasa. Mama Furaha akapaza sauti kutoka nyuma: "Haya, shemeji, sema! Siku ile mdomo ulikuwa mkubwa!" Akamwomba radhi. Hakusema vizuri, alimung'unya maneno, lakini alisema, na habari ya nyumba ya Sengerema ilikufa siku hiyo.

Barua nikaandika, moja kwa polisi wa kule, ambayo Bi Sato aliitafsiri bila malipo na bila neno la ziada, na moja kwa bima. Bima yetu ilikuwa na sharti kwamba kiongozi awaone wasafiri wake kwa macho kila siku. Walikuwa wamelipa kila kitu. Wakataka walichokitoa chote kirudi, na leseni yangu ya kuendesha safari ikasimamishwa. Nikafunga.

Sasa nimestaafu, kama mtu wa miaka hamsini na minane anaweza kuitwa mstaafu. Vijana mnanijia na maswali ya kazi, nami nawajibu, kwa sababu bado najua kazi hii kuliko mtu yeyote mjini hapa, na sitajifanya mnyonge kwa ajili ya adabu. Jifunzeni vibao vya kila nyumba mnayoingia, hata kama mmeingia mia kama hiyo. Mwenyeji akianza kusema, mwacheni amalize. Na gongeni milango. Mzee akikufokea kwamba unamhesabu kama mbuzi, mwache afoke, anayefoka yupo.

Mama Neema tunaonana kanisani. Ananisalimia kwa mkono, ananiuliza habari za nyumbani, anakwenda kukaa upande mwingine. Sijamwomba msamaha mara ya pili, maana mara ya kwanza, pale ukumbini, hakunijibu, na ni haki yake kutojibu. Neema hanisalimii.

Wako marafiki wanaoniambia nilijimaliza kwa mdomo wangu, kwamba ningekaa kimya mwaka mmoja yangepoa. Wanapenda kuniuliza ukweli ule ulinigharimu kiasi gani, nao hukisia, mmoja anasema hivi, mwingine hivi, kana kwamba ni mnada. Sina haja ya kukisia. Niliuza basi, nikauza gari, nikafunga akaunti ya uzeeni, nikawarudishia bima gharama za kumleta marehemu na za mazishi, nikawarudishia wasafiri wengine kumi na wanne nusu ya nauli, na Mama Neema nauli zote mbili kamili, yake na ya mumewe. Malipo ya mwisho niliyatuma mwezi wa tatu mwaka huu. Jumla yake ni krona laki nne, elfu kumi na saba, mia mbili themanini na sita.